Kujenga kerneli ndogo ya Linux kwa ajili ya mashine ya Raskazone

Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya vifaa na programu. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa, inayotunza kumbukumbu, inayoamua programu ipi isome diski sasa na ipi isubiri, na inayozungumza na kila kifaa kilichochomekwa. Programu ya kawaida ikitaka kuandika herufi moja kwenye skrini haina ruhusa ya kuigusa skrini yenyewe; lazima iiombe kerneli. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu 1992 imekuwa chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuisoma, kuibadili, kuijenga upya na kuigawa, mradi kila anayeipokea apewe na msimbo wake kwa masharti yaleyale.

Msimbo huo umekwisha vuka mistari milioni 30, na idadi hiyo huwakatisha tamaa wengi kabla hawajaanza. Lakini sehemu kubwa yake ni draiva za vifaa ambavyo mtu mmoja hatavishika vyote maisha yake yote, pamoja na msimbo wa aina za prosesa asizonazo. Kujenga kerneli maalumu, kwa anayeanza, hasa ni kazi ya kuchagua: kipi kiingie, kipi kibaki nje, na kwa sababu gani. Wako wanaopenda kuanza na kerneli kamili ya Ubuntu au Debian na kuipunguza kidogo kidogo. Njia hiyo inafaa kwa laptopu ya kazi, na itaelezwa mbele, lakini haifundishi kitu. Anayeondoa mia mbili kati ya maelfu ya machaguo hajui yale yaliyobaki yanafanya nini. Anayeanza na kerneli tupu na kuongeza kila kitu kwa mkono wake anajua kila kilichomo, kwa sababu kila kimoja kiliingia baada ya mashine kukataa kuwaka bila hicho.

Tanzania si ngeni katika programu za chanzo huria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilikuwa ya ghorofa ya juu, pale mtumiaji anaposoma menyu. Kerneli yenyewe haikutafsiriwa wala haitafsiriwi kwa lugha yoyote. Ujumbe wake wote hutoka kwa Kiingereza, na ndiyo maana makosa yaliyotajwa humu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Mashine ya mfano

Kuchagua bila kujua mashine itafanya kazi gani ni kubahatisha. Mfano utakaotumika hapa ni kisanduku cha kupima maji kupwa na kujaa huko Raskazone, rasi iliyo mashariki ya mji wa Tanga kwenye mlango wa ghuba. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani hii huweza kuvuka mita 3, na kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika kama 25. Kisanduku kinafungwa juu ya nguzo, kikiwa na kihisi cha mawimbi ya sauti kinachoelekea chini kupima umbali hadi kwenye uso wa maji, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, betri inayochajiwa na sola, na modemu ya USB ya kutuma vipimo.

Mashine hiyo inahitaji kusoma kihisi kupitia mlango wa mfululizo (serial), kuandika kwenye kadi ya SD, kutumia modemu, na kujua saa. Haihitaji skrini, sauti, Bluetooth, printa, wala mifumo ya mafaili ya kompyuta za zamani. Kweli, kerneli inayokuja na Raspberry Pi ingeifanya kazi hii bila kubadilishwa herufi moja, na mwenye haraka aiache ilivyo. Faida za kerneli ndogo ni kuwaka upesi, kutumia kumbukumbu kidogo na kuwa na milango michache ya kuingilia mharibifu. Faida kubwa zaidi ni kwa mjenzi mwenyewe, anayetoka akiwa anajua mashine inafanya nini tangu umeme unapoingia.

Kompyuta, bando na umeme

Kazi ya mwanzo haifanywi kwenye Raspberry Pi bali kwenye laptopu yoyote ya biti 64 yenye Linux. RAM ya gigabaiti 4 inatosha. Folda ya msimbo ikifunguliwa huchukua zaidi ya gigabaiti moja, na kerneli ndogo huongeza kidogo tu juu yake. Kerneli kamili ya laptopu ni habari nyingine, inaweza kudai gigabaiti 20 na zaidi. Vifaa vya kazi, kwa Debian au Ubuntu, husakinishwa kwa amri moja:

sudo apt install build-essential flex bison bc libncurses-dev libelf-dev libssl-dev cpio busybox-static qemu-system-x86

Msimbo hupatikana kwenye tovuti ya kernel.org. Maelekezo mengi huanza na git clone, na kwa mwenye kununua bando huo ni mtego: historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na git ikikatikia katikati huanza upya. Faili la .tar.xz la toleo moja ni takriban megabaiti 140, na wget ikipewa -c huendelea pale ilipoishia mtandao ukirudi. Kwa mwongozo huu limetumika tawi la 6.12, lililotoka Novemba 2024 na ambalo ni miongoni mwa matawi yanayotunzwa kwa muda mrefu. Lichukuliwe toleo dogo la mwisho katika tawi hilo, si 6.12 ya kwanza kabisa, kwa kuwa matoleo ya kwanza yanaweza kugoma kujengwa na kompaila mpya. Faili likishapakuliwa, sha256sum yake ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Faili lililopungua huweza kufunguka nusu, kisha likaleta makosa ya ajabu saa nzima baadaye.

Kuhusu umeme, make, amri inayojenga kerneli, ina tabia nzuri: ikikatizwa, ikiitwa tena huendelea na mafaili yaliyobaki. Kinachoweza kusumbua ni faili moja la .o lililokuwa linaandikwa umeme ulipokatika, likabaki tupu au nusu. Dawa ni kulifuta hilo tu na kuita make upya. Tatizo la pili huwapata wenye laptopu kuukuu zisizo na betri nzuri wala betri ndogo ya saa. Umeme ukirudi, saa ya mashine inakuwa imerudi nyuma miaka, na make, ambayo huamua nini kijengwe kwa kulinganisha saa za mafaili, hulalamika hivi: Clock skew detected. Your build may be incomplete. Ujumbe huo usipuuzwe. Saa irekebishwe kwanza, kisha make clean, kisha kazi ianze upya. Joto la Tanga nalo lina sehemu yake. Kujenga hutumia prosesa kwa nguvu zote, na laptopu yenye feni iliyojaa vumbi hujizima. Kupunguza namba baada ya -j, yaani idadi ya kazi ambazo make huendesha kwa pamoja, huchelewesha ujenzi lakini huipoza mashine.

Kerneli tupu

Baada ya kufungua faili kwa tar xf na kuingia ndani ya folda, amri ya kwanza ni:

make tinyconfig

Amri hii huandika faili liitwalo .config ambalo karibu kila chaguo limezimwa. Machaguo yenyewe ni ya aina mbili kubwa: y, yaani kitu kimejengwa ndani ya kerneli, na m, yaani kimejengwa kama moduli inayopakiwa baadaye. Chaguo lililozimwa huandikwa kwa maneno is not set. Kerneli ya tinyconfig ikijengwa jinsi ilivyo itajengeka vizuri na kuwaka vizuri, lakini hakuna atakayejua, maana haina hata uwezo wa kuandika ujumbe. Kwa hiyo machaguo ya kwanza ya kuongeza ni haya:

./scripts/config -e 64BIT -e PRINTK -e TTY -e SERIAL_8250 -e SERIAL_8250_CONSOLE -e BLK_DEV_INITRD -e BINFMT_ELF -e BINFMT_SCRIPT -e DEVTMPFS -e PROC_FS -e SYSFS
make olddefconfig

64BIT huifanya kerneli iwe ya biti 64, la sivyo programu za biti 64 hazitaendeshwa. PRINTK ndiyo sauti ya kerneli. TTY na ndugu zake wawili wa 8250 hutoa konsoli kupitia mlango wa mfululizo (serial), njia ya kale na ya kutegemewa kuliko skrini yoyote. BLK_DEV_INITRD huiruhusu kerneli kupokea mfumo mdogo wa mafaili moja kwa moja kwenye RAM, bila diski. BINFMT_ELF na BINFMT_SCRIPT huiwezesha kutambua programu za kawaida na skripti. Watatu wa mwisho hujaza folda za /dev, /proc na /sys ambazo programu nyingi huzitegemea.

Amri ya make olddefconfig hupitia machaguo na kukamilisha yale yanayotegemeana. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi: chaguo likiwa linategemea jingine lililozimwa, amri hii huliondoa kimyakimya bila kutoa kosa. Ndiyo maana inafaa kuhakikisha kwa grep, kwa mfano grep 8250 .config, kabla ya kujenga. Likikosekana, make menuconfig hufungua menyu. Ndani yake alama ya / hutafuta chaguo kwa jina na kuonyesha linamtegemea nani.

Kisha kazi yenyewe:

make -j$(nproc)

Kwenye laptopu ya kawaida kerneli ya ukubwa huu hujengwa kwa dakika chache. Kukitokea kosa, linalofaa kusomwa ni la kwanza, si la mwisho. Kwa kuwa -j huendesha kazi nyingi kwa pamoja, kosa halisi huweza kuzikwa chini ya mistari ya kazi nyingine; kuita make bila -j hulileta mwisho wa skrini. Makosa mengi ya siku ya kwanza ni ya vifaa vilivyosahaulika: flex: not found, au faili la gelf.h halionekani kwa kuwa libelf-dev haijasakinishwa. Ikimalizika salama, zao lake ni faili arch/x86/boot/bzImage, ambalo ukubwa wake ni sehemu ndogo tu ya kerneli inayokuja na Ubuntu.

Kitu cha kuendesha

Kerneli ikimaliza kujipanga hutafuta programu moja ya kuanzisha, iitwayo init, na kuipa namba 1. Bila hiyo haina la kufanya, hupaza sauti na kusimama. Init ya mwanzo inaweza kuwa skripti ya mistari michache, na amri zote zinazohitajika zinatoka kwenye BusyBox, programu moja inayojifanya sh, ls, mount na mamia ya nyingine kulingana na jina iliyoitwa nalo. Nje ya folda ya kerneli itengenezwe folda nyingine:

mkdir -p mzizi/bin mzizi/dev mzizi/proc mzizi/sys
cd mzizi
cp $(which busybox) bin/busybox
for p in sh mount ls ps cat dmesg insmod rmmod; do ln -s busybox bin/$p; done

Ndani ya mzizi liandikwe faili liitwalo init:

#!/bin/sh
mount -t devtmpfs none /dev
mount -t proc none /proc
mount -t sysfs none /sys
echo "Raskazone: kerneli imewaka"
exec /bin/sh

Lipewe ruhusa ya kuendeshwa, kisha folda nzima ifungwe:

chmod +x init
find . | cpio -o -H newc > ../mzizi.cpio

Busybox lazima iwe ile ya busybox-static. Ya kawaida hutegemea maktaba zilizo kwenye diski, na katika mzizi huu maktaba hazipo.

Kuwasha ndani ya QEMU

QEMU ni programu inayoigiza kompyuta nzima. Kwa anayeanza ni salama kuliko mashine halisi, kwa kuwa kerneli ikiharibika hakuna kinachopotea ila sekunde chache. Kutoka kwenye folda iliyo na mzizi.cpio, amri ni:

qemu-system-x86_64 -kernel linux-6.12.x/arch/x86/boot/bzImage -initrd mzizi.cpio -append "console=ttyS0" -nographic

Namba ya toleo ibadilishwe ilingane na folda iliyopo. Ujumbe wa kerneli utapita kwa kasi, kisha mstari wa Raskazone, kisha alama ya # ikisubiri amri. Hapo ps itaonyesha namba 1 ikiwa /bin/sh, iliyochukua nafasi ya init kwa exec, na cat /proc/meminfo itaonyesha RAM jinsi kerneli inavyoiona. Kutoka ni Ctrl-A kisha x. Haifai kutegemea poweroff: kerneli hii haina ACPI, kwa hiyo haijui namna ya kukata umeme wa mashine.

Mara nyingi, hata hivyo, ya kwanza haiwaki. Kutambua ugonjwa kwa dalili ndilo somo lenyewe, na dalili si nyingi.

Skrini ikibaki kimya kabisa, kerneli huenda inafanya kazi lakini haina pa kusemea. Cha kuangaliwa ni PRINTK, TTY, SERIAL_8250_CONSOLE, na kama console=ttyS0 imeandikwa sawasawa kwenye amri ya QEMU. Ukitokea ujumbe wa Unable to mount root fs on unknown-block(0,0), kerneli haikupata mzizi: ama -initrd imesahauliwa, ama BLK_DEV_INITRD imezimwa, ama cpio ilifungwa kutoka folda isiyo sahihi na init haiko juu kabisa. Kosa hili la mwisho ni la kawaida sana. Find iliitwa nje ya mzizi, basi ndani ya faili init inaitwa mzizi/init, na kerneli haitaitafuta huko.

Kerneli ikisema Failed to execute /init, itatoa na namba ya kosa, na namba hiyo inajieleza. Error -13 ni ruhusa: chmod +x haikufanywa. Error -8 ni kwamba kerneli haikuitambua aina ya faili: BINFMT_SCRIPT au BINFMT_ELF haipo, au kerneli imebaki ya biti 32 huku BusyBox ni ya biti 64. Error -2 ni kitu kukosekana, na hapa watu hupoteza muda mrefu, maana init ipo na inaonekana kwa macho. Kinachokosekana si init bali kile inachokiita katika mstari wake wa kwanza, yaani /bin/sh. Au BusyBox si ile ya static na inatafuta maktaba isiyokuwepo. Na ukionekana ujumbe wa Attempted to kill init!, init iliendeshwa lakini ikamalizika. Namba 1 hairuhusiwi kufa. Hata kuandika exit kwenye alama ya # huleta ujumbe huohuo.

Zoezi moja linafaa kuliko kusoma sura nzima ya kitabu: baada ya kerneli kuwaka, chaguo moja lizimwe kwa makusudi, kerneli ijengwe tena, na dalili yake iandikwe kwenye daftari. Kuzima BINFMT_SCRIPT, PROC_FS, kisha TTY, moja kwa wakati, kunamfanya mtu azitambue dalili hizo hata miezi baadaye.

Moduli ya kwanza

Hadi hapa hakuna msimbo ulioandikwa. Hatua ya kuandika inaanza na moduli, kwa kuwa moduli huingizwa na kutolewa bila kujenga kerneli upya. Kerneli iongezwe MODULES na MODULE_UNLOAD kwa scripts/config, kisha make olddefconfig na make kamili. Make bzImage pekee haitoshi, kwa sababu orodha ya majina ambayo moduli zitayatumia, faili la Module.symvers, hutengenezwa na make kamili. Katika folda yake yenyewe liandikwe faili bamvua.c:

#include <linux/init.h>
#include <linux/module.h>

static int __init bamvua_anza(void)
{
        pr_info("bamvua: maji yanajaa\n");
        return 0;
}

static void __exit bamvua_maliza(void)
{
        pr_info("bamvua: maji yanatoka\n");
}

module_init(bamvua_anza);
module_exit(bamvua_maliza);
MODULE_LICENSE("GPL");

Na faili la Makefile lenye mstari mmoja, obj-m += bamvua.o. Kisha:

make -C ../linux-6.12.x M=$PWD modules

Zao ni bamvua.ko. Linanakiliwa ndani ya mzizi, cpio inafungwa upya, QEMU inawashwa, na insmod bamvua.ko inaandika mstari wa kwanza. Rmmod bamvua huandika wa pili.

Katika msimbo huo mfupi yako mambo mawili yanayotenganisha kerneli na programu nyingine za C. Hakuna main, wala hakuna printf: maktaba ya C haiko ndani ya kerneli, na kila kitu kinachotumika lazima kitoke kwenye kerneli yenyewe. Pili, hakuna wa kumkinga mwandishi. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli huiua na maisha yanaendelea. Moduli ikifanya hivyo ndiyo kerneli yenyewe imefanya, na mashine nzima inaweza kusimama. Mstari wa MODULE_LICENSE nao si pambo: bila huo moduli haijengeki. Na moduli iliyojengwa kwa kerneli moja haiingii kwenye nyingine. Jibu la insmod huwa Invalid module format, na tiba yake ni kujenga moduli upya kwa folda ya kerneli inayotumika.

Kwa anayetaka kuona kerneli nzima kwa jicho moja, xv6 ya chuo cha MIT nchini Marekani inafaa kusomwa sambamba na kazi hii. Ni kerneli ya kufundishia, iliyoigwa kwa Unix ya toleo la 6, nayo ni ya mistari elfu kadhaa tu, kwa hiyo inawezekana kuisoma yote. Linux haisomeki yote.

Kwenye laptopu ya kazi

Njia ya kupunguza, iliyotajwa mwanzoni, hutumia make localmodconfig. Amri hii huangalia moduli zinazotumika wakati huo na kuzima nyingine zote. Neno la hatari ni wakati huo. Modemu ya USB isipokuwa imechomekwa, draiva yake inaachwa nje, na kerneli mpya ikiwashwa hakuna intaneti ya kupakulia chochote cha kurekebisha. Kabla ya kuita amri hiyo, kila kifaa kinachotumika nyumbani kichomekwe: modemu, flashi, printa, simu.

Kwa Ubuntu, kujenga hukwama mara nyingi kwenye cheti cha debian/canonical-certs.pem, ambacho hakimo kwenye msimbo wa kernel.org. Huondolewa hivi:

./scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS "" --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""

Taarifa za kutafutia hitilafu zizimwe pia kwenye menyu ya Kernel hacking, maana ndizo zinazokula gigabaiti nyingi za diski. Make bindeb-pkg hutoa vifurushi vya .deb vinavyosakinishwa na dpkg -i. Kerneli ya zamani isifutwe. Ibaki kwenye menyu ya kuwashia ya GRUB, ili mpya ikigoma mashine iwashwe kwa ile. Laptopu iliyowashiwa Secure Boot itaikataa kerneli isiyo na sahihi, na hilo hurekebishwa kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, si kwenye kerneli.

Kwenye nguzo ya Raskazone

Raspberry Pi ina prosesa ya ARM, hivyo kerneli iliyojengwa kwa laptopu haiwaki humo. Haina maana kujenga kwenye Pi yenyewe, ni polepole. Laptopu hujenga kwa niaba yake kwa kutumia kompaila ya gcc-aarch64-linux-gnu, na kila amri ya make huongezewa ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-. Kusahau maneno hayo mara moja tu katikati ya kazi huchanganya mipangilio ya prosesa mbili. Tinyconfig nayo iachwe hapa. Vifaa vya ARM haviwezi kujitambulisha kwa kerneli kama vya kompyuta ya kawaida. Lazima kerneli ipewe maelezo yao katika faili la pembeni liitwalo device tree. Msimbo unaotunzwa na wenye Raspberry Pi unayo maelezo hayo tayari, na mipangilio yake ya mwanzo kwa Pi 4 ni bcm2711_defconfig. Humo ndimo pa kuanzia kupunguza: sauti, Bluetooth, video, mifumo ya mafaili isiyotumika.

Yatakayobaki yachaguliwe kwa kufuata kisanduku. Kihisi kikiunganishwa kwa kigeuzi cha USB, draiva inategemea chipu iliyo ndani ya kigeuzi: USB_SERIAL_CH341 kwa zile za bei nafuu zilizojaa madukani, USB_SERIAL_CP210X au USB_SERIAL_FTDI_SIO kwa nyingine. Amri ya lsusb hutaja chipu. Modemu nyingi hutaka USB_SERIAL_OPTION, na zile za Huawei za siku za karibuni hutaka USB_NET_HUAWEI_CDC_NCM. Kadi ya SD itumie EXT4_FS, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya kazi isiyokamilika na hivyo huvumilia umeme kukatika kuliko FAT. BCM2835_WDT nayo iwepo: ni saa ya ulinzi inayoiwasha upya mashine ikiganda, na hakuna atakayependa kupanda nguzo maji yakiwa yamejaa ili kuchomoa waya.

La saa ndilo hupuuzwa zaidi. Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Zikizimika husahau ni saa ngapi, na zikiwaka bila mtandao huandika vipimo kwa saa ya uongo. Kipimo cha maji kilichokosewa saa mbili hakina thamani, maana kupwa na kujaa ni jambo la saa. Chipu ya DS3231 yenye betri ndogo huuzwa kwa bei ya chini. Draiva yake ni RTC_DRV_DS1307, iliyorithi jina la chipu nyingine ya familia hiyo, na ni bora iwe y kuliko m, ili saa ipatikane kabla ya programu yoyote kuanza. Kwenye faili la config.txt la Pi huongezwa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231.

Kerneli ikishajengwa, faili arch/arm64/boot/Image hunakiliwa kwenye sehemu ya kuwashia ya kadi likiitwa kernel8.img, pamoja na mafaili ya device tree na moduli za toleo hilohilo. Nakala ya kernel8.img ya zamani iwekwe pembeni kwa jina jingine. Upepo wa chumvi ni tatizo la sanduku, si la kerneli, ila kutu kwenye soketi ya USB hutoa dalili zinazofanana na za draiva mbovu: kifaa huonekana na kutoweka kwenye dmesg. Kabla ya kujenga kerneli upya, soketi ikaguliwe.

Faili la .config litunzwe kwenye git, na kila chaguo lililobadilishwa liandikiwe sababu yake. Tawi linapotoa marekebisho ya usalama, .config hiyo hunakiliwa kwenye folda ya msimbo mpya na make oldconfig huuliza kuhusu machaguo mapya pekee. Yale ya zamani hubaki kama yalivyo. Kisanduku kikitolewa kwa mtu mwingine, iwe ni kikundi cha wavuvi au shule, leseni ya GPL inadai apate pia msimbo wa kerneli iliyomo, pamoja na .config na mabadiliko yote. Kuweka folda nzima kwenye flashi ndani ya kisanduku hutimiza sharti hilo bila gharama ya bando.